Namba Inayopungua

...na ile kebo ikikataa kushika kama ilivyokataa wiki iliyopita, basi nitaongea bila picha, nitawaambia tu jamani, jeli yangu hii si maji wala si jiwe, ni kama uji ulioganda ukakumbuka umbo lake, hapana, uji hapana, mkuu wa utafiti aliniambia kabisa nipunguze habari za uji, tumeteuliwa watu watano katika chuo kizima na mimi ndiye wa mwisho kuzungumza, na wa mwisho siku zote huwakuta watu wanatazama saa na kunusa chakula cha mchana, na huyu mtaalamu wa nyota kando yangu anamung'unya pipi kwa raha ya mtu aliyekwisha vuka mto, ananinong'oneza, "Dokta, picha zako umeshaziweka kwenye kompyuta?" nimeziweka, "Maana yangu ilifunguka nusu," niliona, nusu nyota, watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo zilivyo huko juu... anacheka puani, mimi sicheki, nakariri, mheshimiwa mkuu wa utafiti, wageni waalikwa, wageni waalikwa, halafu nini, mwanasheria wa mambo ya kimataifa aliwashika kwa neno moja tu, mapema, nchi mbili zinatumia ziwa moja, mkataba unasema ukichafua maji mwarifu jirani mapema, na mapema ni lini, kesho au mwakani, wamebishana miaka kumi na moja na samaki hawakungoja hukumu, ukumbi ukaangua kicheko, na yule wa mazingira anayehesabu vyura kwa masikio akatusikilizisha kinamasi ambacho hakina hata chura mmoja, dakika nzima ya kimya, mtu akakohoa, akasema mnasikia, hiyo ndiyo takwimu yangu, mimi nina nini cha kuwashika, nina ngozi ya nguruwe ya majaribio na utepe wa jeli wa kufunikia vidonda, unaobanduka bila kuchuna, mwaka wa sita huu nabandika na kubandua...

Sasa ni zamu ya Nesi, wote tunamwita hivyo ingawa ana udaktari wa falsafa na wodi aliiacha miaka kumi iliyopita, yeye anachunguza afya ya familia, watu wanaouguza ndugu zao nyumbani, amekaa nao mwaka mzima jikoni na vyumbani, arobaini, hamtaji hata mmoja kwa jina wala mji, wote ni namba, namsikia kwa sikio moja, kwa lingine najisikia mwenyewe, wageni waalikwa, "Mlezi namba kumi na saba," anasema, "ni binti anayemuuguza baba yake mwenye kisukari na donda ndugu la mguu," na mimi aha, donda, hapo hapo nitaunganisha, nitasema kama alivyotangulia kusema mwenzangu, watu hupenda mambo yanayoungana, naandika pembeni mwa karatasi, donda, Nesi, namba 17, na kalamu bado iko kwenye mkia wa saba wakati anasoma maneno ya huyo binti, "Kila asubuhi nikifungua bandeji, baba ananiuliza, moto umezimika? Namjibu, umezimika baba, bado moshi tu."

Kalamu. Kalamu imeanguka, mtaalamu wa nyota anainama kuniokotea, "Shika, Dokta," nashika, moto umezimika, sisi ndio tuliokuwa tunauliza, mimi na mdogo wangu Chiriku mlangoni na magauni yetu ya kulalia, baba anashuka kutoka kazini ananuka masizi, alikuwa dereva wa gari la zimamoto miaka ishirini na sita, anavua buti moja, anavua la pili, baba moto umezimika? umezimika wanangu, bado moshi tu, halafu Chiriku anaruka juu yake bila kujali masizi, tulimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza hata akila... lakini wazima moto wako wengi duniani, wana mabinti, wana kisukari, mtu yeyote anaweza kusema maneno hayo, siyo, hawezi, hayo ni maneno ya mlangoni kwetu, na miezi hii Chiriku, anayemuuguza baba huko nyumbani, kwenye simu amekuwa mtu wa maneno matatu, vizuri dada, anaendelea, amelala, nami nilifikiri amekua, nikafikiri hatimaye mtoto amejifunza kusema kwa ufupi, nikafurahi.

Nesi anakunywa maji, "Huyu ana ndugu yake aliye mbali, hupiga simu kila Jumapili, na swali lake ni moja, sentimita ngapi," kicheko kidogo huko nyuma, anasoma tena, "Nampa namba inayopungua. Nilianza na tano, nikashuka nne na nusu, nne, sasa nimefika tatu. Nikifika sifuri sijui nitamwambia nini." Sasa wanacheka kweli, hata mkuu wa utafiti, hata mtaalamu wa nyota, pipi inagonga meno yake, na mimi namba hizo ninazo, zimo kwenye daftari la maabara, ukurasa wa mwisho, tano, nne na nusu, nne, tatu, na mstari nilichora, Mungu wangu, nilichora mstari kwa rula unaoteremka vizuri mpaka mwezi wa nane kidonda kinafunga, nikalala usingizi... "Mara ya mwisho nilikipima mwenyewe," anasema Nesi, "kilikuwa saba, na kimeanza kuingia ndani," saba, saba, ile saba kwenye karatasi yangu naifunika kwa kiganja kama ndiyo yenyewe inayokua.

Ninyanyuke? Nimuulize? Hawezi kunijibu, aliwaahidi siri, ningekuwa mimi nisingejibu, macho yake yanapita juu yangu kama yanavyopita juu ya viti, hajui, Chiriku hakumwambia dada ni nani, anafanya kazi wapi... au alimwambia, au alijua fika maneno yatatembea mpaka yafike, hapana, Chiriku hana hila, au hila amejifunza kwangu, mwezi wa pili aliniambia, "Dada, hiyo jeli yako, tuletee basi hata kipande," nikamweleza haijaruhusiwa kwa binadamu, kuna kamati, kuna fomu, nikamtumia na kanuni zenyewe kurasa kumi na mbili, na ni kweli haijaruhusiwa, nilikuwa na haki yote, hakuna mahakama ingenikuta na kosa, akajibu, "Haya," haya tu, mtu anaomba kitu kitakachokuleta nyumbani, wewe unampa kanuni, miaka sita nashughulikia vidonda na sijui donda la baba yangu linanuka nini.

"Nikamuuliza kwa nini anadanganya," anasema Nesi, na hapo nageuza shingo yote, "akaniambia, 'Akijua atakuja na begi. Na baba akimwona na begi katikati ya wiki, na hii si sikukuu, atajua anakufa.'" Nesi anaendelea na jedwali, asilimia, walezi wanaolala saa nne kwa siku, mimi nimebaki mlangoni na begi, nisiende? nibaki hapa na tatu yangu? la, nitakwenda, leo, basi la saa tisa, lakini nikiingia na uso huu namuua kwa uso, nitasema nina semina karibu na kwenu, atauliza semina gani, huyu mzee huko zimamoto alikuwa akipima uongo wa watu waliochoma maduka yao wenyewe, nitasema likizo, sijawahi kuchukua likizo... kisha naipata sababu, inakuja yenyewe, nitamwambia nimeshindwa, baba, jeli imekataa, mkuu amenisema mbele za watu, nimebeba begi langu nimeondoka, sina pa kwenda ila kwenu, na baba atajiinua kwa kiwiko, najua atajiinua, mtu akipiga kelele za kuokolewa yeye hajawahi kubaki amelala, atasema njoo hapa, atasema hao hawajui kazi, atataka chai, atataka nieleze kila kitu tangu mwanzo, na mimi nitaeleza siku tatu, siku kumi, taratibu, nikifungua bandeji na kufunga, Chiriku akiwa chumba cha pili amelala fofofo...

"Dokta," mtaalamu wa nyota ananigusa bega, "jiandae, anakaribia kumaliza," najua, Nesi bado yuko kwenye jedwali lile lile, mkuu wa utafiti anatafuta karatasi yenye jina langu, mteule wetu wa tano, atasema, fahari ya chuo, nami nitasimama niwaonyeshe utepe unavyobanduka bila kuchuna, utabanduka vizuri, unabanduka siku zote, na jioni nitaanza kulia mlangoni kwetu kabla hata ya kuvua viatu, sidhani kama nitahitaji kuigiza, na Chiriku atanitazama juu ya kichwa cha baba, atajua kwamba nadanganya, na atanyamaza.