Upepo wa Breki

Alasiri moja ya mwaka wa 1995, Calvince alikuwa mbele ya karakana yake hapo Kapsoit, akisugua uso wa geji ya spidi kwa mswaki uliochovywa mafuta ya taa. Geji za lori kuukuu la shamba la chai alizipanga juu ya gunia: ya spidi, ya joto, ya mafuta, na ya upepo wa breki. Shamba lilikuwa na sherehe, na lori lilitakiwa lisimame getini liking'aa, wageni walitazame. Tecla, mama aliyewauzia mafundi chai, alipomletea kikombe chake kama kawaida, alilitambua lori hilo. Mumewe, Kipkosgei, ndiye aliyekuwa dereva wake, na ndani yake ndimo alimofia, yeye na wachumaji aliowabeba, kwenye mteremko wa mtoni, zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Shamba lilisema alikuwa akikimbiza gari. Watu nao wakasema vivyo hivyo, maana marehemu hajibu. Tangu hapo jina lake halikutajwa nyumbani kwao, hata kwa bahati mbaya. Na jambo hilo si dogo. Kwa Wakipsigis, mtoto akizaliwa akina mama wazee humwitia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, na lile analolipigia chafya ndilo lake. Marehemu huyo amerudi. Asiyeitwa harudi. Nelvine, mke wa Weldon, mwana wa Tecla, alikuwa karibu kujifungua, na Tecla hakumwomba Mungu kitu kingine ila mumewe aitwe. Alimkumbuka sana, tuseme ukweli.

"Mama Weldon, hizi geji ziko na maneno," Calvince alisema. "Nimetoa springi, nimeweka ingine, na bado. Hebu angalia."

Geji hazikuwa zimeungwa na chochote. Saa ile ambayo zamani lori lilikuwa likipeleka majani kiwandani, mshale wa spidi ulipanda hadi kumi na tano ukasimama hapo, mwendo wa mtu anayeiheshimu barabara. Kisha mshale wa upepo ukaanza kushuka. Ulishuka hadi sufuri. Hapo ndipo ule wa spidi ulipoanza kupanda, ukapanda hadi mwisho, ukatetemeka, ukaanguka.

"Kila siku ni hivyo," Calvince alisema. "Upepo inaisha kwanza. Mbio inakuja nyuma."

"Aliwaambia paipu inavuja," Tecla alisema. "Wakaifunga na mpira wa tyubu, wakamwambia aende, majani yataharibika." Akaketi juu ya tairi akalia mpaka chai ikapoa. Calvince akaendelea kusugua.

Habari zilienea. Watu walipita wakitoka sokoni, wakatazama, wakasema kumbe, wakaenda kukamua ng'ombe wao. Meneja wa shamba naye alikuja. Aligonga kioo kwa ukucha, akatazama mwanzo hadi mwisho.

"Ni kweli, breki ndiyo ilikwisha kwanza," alikiri. "Pole, mama. Lakini maji yakimwagika hayazoleki." Kisha akamwuliza Calvince kama mishale inaweza kutiwa gundi, wageni wasije wakauliza maswali. Calvince alijibu kwamba gundi anayo, ila mkono wake hautaitia. Meneja akasema atatafuta mkono mwingine.

Kesho yake, kabla lori halijachukuliwa, alikuja Phyllis, wifi yake Tecla, dada mkubwa wa Kipkosgei. Yeye ndiye aliyekuwa mwitaji wa majina katika ukoo ule. Binti yake, Chemutai, alikuwa miongoni mwa wale wachumaji waliofia lorini. Alisimama mbele ya gunia mpaka mshale wa spidi ulipoanguka.

"Umeona," Tecla alimwambia.

"Nimeona."

"Sasa utamwita?"

"Kama si yeye, Tecla, mimi nimemchukia nani miaka yote hii?"

Walirudi nyumbani pamoja, polepole, kwa sababu goti la Phyllis lilikuwa likimsumbua.

Nelvine alijifungua mvulana. Wanawake wakakusanyika, Phyllis akaanza kuita. Aliwaita mababu, akawaita wajomba wa mababu, akamwita aliyefia vita vya Wazungu. Mtoto kimya. Majina mema yakaisha, wakabaki wakitazama miguu yao, kila mmoja akijua ni nani aliyesalia. Phyllis akachukua tumbaku ya kunusa kidogo, akaisogeza puani mwa mtoto, akamwita Chumo, ambaye enzi za uhai wake aliiba ng'ombe wa watu hadi wa mayatima, wala hakuona haya. Mtoto akapiga chafya. Vigelegele vikapigwa. Chumo amerudi.

Walimfuta mtoto pua, wakampa nyanya yake ampakate. Tecla akamwinamia.

"Kipkosgei," alisema. Hakunong'ona.

Mtoto akapiga chafya. Akapiga tena, kubwa kuliko ile ya kwanza, akafumbua macho. Chumba kizima kilisikia.

"Ni baridi," Phyllis alisema, bila kumtazama mtu. "Mfunike."

Tecla akavuta shali, akamfunika Chumo vizuri.