Tangi Juu ya Kitanda cha Mama Mkwe

Hoteli moja ilikuwa inafungwa na kuuza vitu vyake, na humo kinyozi akaliona tangi la samaki la vioo, refu kumpita yeye akilala. Alilinunua kwanza, akamwambia mkewe baadaye. Mkewe hakugomba. Aliuliza tu litakaa wapi, naye akamwonyesha sebuleni kwao ghorofani, chini ya dirisha.

"Hapo chini yake analala mama," mkewe akasema.

Kweli. Mama mkwe aliishi chini, na kati ya kitanda chake na sebule yao palikuwa na mbao na maboriti ya zamani, basi. Yeye na kinyozi walikuwa watu wa shikamoo na marahaba. Neno la tatu lilikuwa halijapatikana tangu harusi.

Kinyozi akapiga hesabu zake: tangi likijaa maji litakuwa na uzito wa watu kama kumi. Na mashemeji anao, tena waliojaliwa miili. Akawaita kwa kisingizio cha picha ya familia, akawarundika chini ya dirisha, kila mara akiwaambia wasogeleane zaidi. Sakafu ikalia kidogo, ikanyamaza. Kinyozi akachekelea.

Punde mama mkwe akapanda ngazi taratibu, kikombe mkononi, vumbi la dari likielea juu ya chai. Akauliza nani anacheza ngoma. Kinyozi alijiumauma, mwishowe akasema ukweli. Mashemeji wakatazamana. Yule mnene kuliko wote akataka kujua yeye amehesabiwa kama maji au kama kioo.

Mkewe akamleta rafiki yake, mhandisi wa majengo. Mhandisi huyo akagongagonga sakafu, akashuka kumulika dari, akarudi.

"Watu wanapiga picha wanaondoka," alimwambia kinyozi. "Maji hayaondoki. Hapo dirishani yataelemea maboriti mawili tu, na mbao zitapinda mwaka hadi mwaka. Kule chumbani, ukilipitisha juu ya maboriti mengi karibu na ukuta, litakaa."

Kule chumbani ndiko kilikokuwa kitanda chao. Mkewe akasema kitanda hakihami. Kinyozi akainama kama aliyefiwa.

"Lete kwangu, baba," mama mkwe akasema. "Sakafu yangu ni zege, na chini ya zege ni ardhi."

Likashushwa. Tangu hapo kinyozi akifunga duka hupitia chini, anavua viatu mlangoni, anakaa kwenye kigoda alichotengewa. Mama mkwe amegeuza kitanda ili aamke akiwaona samaki, na hataki mtu mwingine awalishe.

Jioni moja chakula kilipoa mezani. Mkewe akashuka kuuliza kama bado ana mume, akawakuta wanabishana kama samaki mweusi ana mimba au ameshiba tu. Hakuna aliyegeuka. Akavuta kiti, akasema kwa anavyoona yeye, yule ni dume.