Wino Mwekundu Juu ya Korongo

Hivi, wewe ungewapakia wajukuu zako kwenye gari la mtu ambaye macho yameanza kumtupa mkono? Mume wangu, Verl, alitandaza ramani mezani, kando ya sufuria ya maharage, akatuchorea kwa kalamu nyekundu safari ya hifadhi za jangwani. Mstari wake ukakatiza katikati ya Korongo Kuu, lile bonde lenye kina cha kutisha, pasipo barabara wala daraja.

"Baba, hapo tutapaa?" binti yetu LaRue alicheka, kisha akamtazama baba yake machoni. Nje, watoto wake walikuwa wanapakia madumu ya maji.

"Macho yangu mazima!" Verl alifoka, akazifumbata funguo za gari.

Miaka yote nimekaa pembeni yake, nikimshikia ramani. Nikanyoosha mkono.

"Mzee wangu, safari hii nataka kuendesha mimi."