Shati Lililobeba Viazi

Shati la Yvon lilikuwa limebeba viazi. Ozelie aliliona kabla ya binti yake, kwenye foleni ya duka la ushirika, limegeuzwa mkoba, likining'inia mkononi mwa mzee Placide: miraba myekundu na myeusi, pindo la uzi mweupe, na kile kiraka cha kijani alichokishona yeye mwenyewe siku kijana alipolirarua kwa waya wa mtego wa kaa. Akasogea hatua moja ili kumkinga Dorine asione. Lakini kikongwe wa miaka sabini na minne, mfupi, mwembamba, angeficha nini?

"Mama, mbona unanikanyaga?"

"Nimeteleza."

Dorine akamtazama mamaye, kisha akatazama pale ambapo mamaye hakutaka patazamwe.

Placide, ambaye hata msibani hukosi kumsikia akitania, akauinua mkoba juu. "Mnaonaje, wanawake? Wamama wa Jumanne wamenivisha. Sasa nakosa mchumba tu." Aliposikia hakuna anayecheka, akaushusha taratibu.

Dorine hakupiga kelele. Alilishika pindo, akaligeuza, akakigusa kiraka kwa kidole gumba. Halafu akaurudisha mkate rafuni, akautengeneza ukae sawa na mingine, akatoka nje bila kuvaa glovu.

Katika mji ule wa ghubani, tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, wanawake wa parokia walikutana kila Jumanne katika chumba kilicho chini ya kanisa wakashona mikoba kwa nguo kuukuu. Mikoba ilitiwa kwenye kapu mlangoni mwa duka. Aliyesahau wake aliazima mmoja, akaurudisha siku nyingine. Nguo nazo zilipatikana kwa desturi ambayo hakuna aliyeitangaza. Mfuko mweusi ukiwekwa ukumbini mwa nyumba yenye msiba, karibu na mlango wa nje, basi umeachiliwa. Unauchukua na huulizi. Mjane hasumbuliwi kwa kuulizwa kama yuko tayari. Anauweka pale, anajishughulisha na vyombo jikoni, na akirudi haupo. Nusu ya mji ilibeba mikate katika nguo za marehemu wake, na kila mtu alijua, na hakuna aliyelitaja.

Yvon, mwana wa Dorine, hakuwa na kaburi. Februari ya mwaka uliopita alikatiza ghuba iliyoganda kwa pikipiki ya theluji, barafu ikapasuka, na wapiga mbizi walipata kofia tu. Alikuwa na miaka ishirini. Tangu siku ile Dorine alizitia nguo zake katika mfuko mweusi bila kuzifua, akaufungia chumbani mwa kijana. Kila jioni, akitoka kiwanda cha kaa, aliingia, akaufungua, akazamisha uso humo. Ozelie, upande wa pili wa ukuta, alimsikia akivuta pumzi kama mtu anayekunywa maji baada ya safari ndefu. Miezi kumi na minne alisikia hivyo. Chakula kilipoa mezani, akakipasha, kikapoa tena.

Na Jumanne iliyopita, theluji ikiyeyuka juu ya paa, mfuko ulikuwa ukumbini.

Kule chini ya kanisa, Ozelie alipoumwaga, Almeda aliyekaa kwenye cherehani alinyoosha shingo. "Dada, hiki kiraka si mkono wako?"

"Viraka vyote hufanana."

"Havifanani. Wewe huvuta uzi kama unayemnyonga mtu."

"Shona, Almeda."

Mkasi ukapita. Katika nguo zile ikatoka mikoba saba.

Sasa, baada ya aibu ya dukani, Placide alimimina viazi vyake ndani ya koti, akamkabidhi Ozelie mkoba. Mchana kutwa Ozelie alibisha hodi nyumba hadi nyumba, akiitafuta mingine. Wa pili aliupata umejaa makopo matupu. Wa tatu ulinuka samaki. Mwenye ule wa nne alikuwa ameufua kwa sabuni ya maua, akausifu mshono, akataka kumkaribisha chai. Mwenye ule wa tano alitaka kubadilishiwa na mwingine wenye rangi hiyohiyo. Huku na huku akitembea, Ozelie alilisuka jibu lake. Ulikuwa ukumbini, mwanangu. Mimi nilijua umeuachilia. Nani hapa mjini asingelijua hivyo? Lilikuwa jibu zuri, lisilo na tundu, na mji mzima ungemuunga mkono.

Dorine alikuwa jikoni amekaa, koti bado mwilini. Ozelie akaiweka mikoba mitano mezani.

"Ule mfuko nilikuwa nauhamisha tu," Dorine alisema. "Paa la chumbani linavuja."

Ozelie akafungua kinywa. Jibu lilikuwepo, tayari kwenye ulimi.

"Uliingia chumbani kwa Yvon siku ile?" Dorine akauliza.

"Niliingia."

"Uliiona ndoo?"

Ndoo ilikuwa katikati ya chumba, palepale mfuko ulipokuwa ukikaa, na matone yalikuwa yakiangukia ndani yake, moja baada ya jingine. Ozelie alikuwa amesimama mlangoni akiyasikiliza kwa muda mrefu kabla ya kurudi ukumbini na kuubeba mfuko.

"Niliiona," alisema.

"Basi ulijua."

"Nilijua."

Dorine aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia.

"Nilichoka kukusikia," Ozelie akasema. "Nilitaka utoke humo. Nilitaka unione na mimi." Maneno yalimtoka makavu, na alipoyasikia akaona yalivyo madogo.

Dorine aliuvuta mkoba wa kwanza, akauweka puani, akaushusha. Akauvuta wa pili. Ule wa sabuni ya maua alikaa nao muda mrefu zaidi, akiugeuza ndani na nje, akitafuta mahali ambapo sabuni haikufika. Kisha akachukua kisu kidogo cha jikoni akaanza kufumua. Mshono wa Almeda ulikuwa imara. Uzi ulikatika kwa shida, inchi kwa inchi. Ozelie alinyoosha mkono amsaidie.

"Usiguse."

Alikaa akitazama. Dorine alivipanga vipande juu ya meza kadiri alivyokumbuka: mgongo, kifua, kola iliyopasuliwa. Mkono wa kulia aliupata umefanywa vishikio vya mkoba mwingine; akavifumua, akavilaza ubavuni mahali pake. Upande wa pili meza ilibaki mbao tupu.

"Mkono wa kushoto uko wapi?"

"Sijui, Dorine. Vishikio tulivichanganya."

"Uko wapi?"

Jua lilikuwa bado halijatua. Ozelie akasimama, akavaa koti na viatu. Siku zote Dorine humkumbusha kofia; leo alikuwa ameinama juu ya meza, akinyoosha mikunjo ya kitambaa kwa kiganja, kuanzia begani kwenda chini.

Nje maji ya theluji yalikuwa yakitiririka kandokando ya barabara. Ilibaki mikoba miwili, na nyumba nyingi. Akaingia uani mwa ile ya karibu, ambayo hakuwahi kuzungumza na wenyeji wake, akabisha, na mlango ulipofunguka akajikuta anaonyesha kwenye mkono wake mwenyewe, toka begani hadi kwenye kifundo cha mkono, urefu wa kile alichokuja kukitafuta.