Orodha ya Ijumaa

Manase alikuwa mwana wa Alute, Alute mwana wa Ntandu, na Ntandu mwana wa Gwau, yule aliyefika Mungaa na ng'ombe wake wakati sehemu yote ile ilipokuwa pori na mawe. Gwau hakumdhulumu mtu malisho. Ntandu aliitwa kuamua kesi za mipaka hata na watu wasio wa ukoo wake, na alipoonyesha kwa fimbo kwamba mpaka unapita hapa, hakuna aliyethubutu kuuvuka kwa jembe. Alute alijenga nyumba ya kwanza ya matofali ya kuchoma upande ule wa kijiji, akasomesha watoto wote saba, na alipofariki wazee walitembea kwa miguu kutoka vijiji vya mbali kuja kumzika. Manase mwenyewe alifundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne, akastaafu bila barua hata moja ya onyo katika jalada lake.

Nyumba hiyo ilikuwa na desturi yake. Mtu alipokuja kuomba mtoto, awe wa kuolewa, wa kwenda kujifunza kazi au wa kulelewa na ndugu, mjumbe wa mara ya kwanza alipewa kiti na togwa, akasikilizwa mpaka mwisho, kisha akaagwa bila jibu. Aliporudi mara ya pili alipewa maneno machache ya matumaini. Mara ya tatu ndipo alipojibiwa. Haikuwa jeuri. Ilikuwa namna ya kupima kama mwombaji anamtaka mtoto kweli, na namna ya kuonyesha kwamba mtoto wa nyumba hiyo hakuokotwa njiani. Nyumba alikozaliwa mkewe Lea nayo ilikuwa hivyo hivyo, na Manase alirudishwa huko mara mbili katika ujana wake. Hadi uzeeni alilisimulia jambo hilo kwa fahari.

Mjukuu wake Eliya alilelewa katika nyumba hiyo tangu umri wa miaka mitano, baba yake alipofariki. Alirefuka kama mtama wa mwaka wa mvua nzuri. Alipofika kidato cha pili ilimbidi ainame kila mlango, na wenzake walimwita Mlingoti. Mwalimu mmoja wa michezo akampa mpira wa kikapu, na tangu siku hiyo kijana hakuutua. Mwanzoni Manase aliuona mchezo huo kuwa upuuzi wa watu wasio na shamba. Lakini likizo moja alimkuta Eliya akirusha mpira kwenye tawi la mgunga, akamtazama kwa muda mrefu. Kesho yake alichimba shimo kwa mikono yake karibu na zizi, akasimamisha nguzo, akapigilia juu yake ubao na duara la chuma la pipa bovu.

Kutoka kwenye nguzo ile Eliya alifika Dodoma, akachezea klabu ya Kongoni kwa misimu minne. Ilikuwa ajira kamili, yenye mkataba na mshahara. Manase alikwenda kumtazama mara moja, akiwa amevaa koti lake la kustaafu. Eliya alipoudaka mpira juu ya vichwa vya watu watatu na kuurudisha kikapuni, mzee alisimama peke yake katika safu yake na kuvua kofia.

Msimu wa nne Eliya aliumia kifundo cha mguu, akakaa nje wiki saba. Ligi ilipokwisha alirudi Mungaa kusaidia kuvuna alizeti, huku Dodoma viongozi wakiamua nani abaki na nani aachwe.

"Tuko wawili wa kucheza chini ya kikapu, babu," alieleza siku moja wakipiga vichwa vya alizeti kwenye uwanja wa kupuria. "Mimi na Calist. Mkataba wangu umekwisha, wa Calist umekwisha. Wanamtaka mmoja."

"Calist ni mtu wa namna gani?"

"Mtu mzuri. Nilipoumia yeye ndiye aliyenibebea mabegi."

"Uchezaji wake je?"

Eliya alicheka. "Babu, nikikuambia ananizidi utanipiga kwa hiyo fimbo."

"Nitakupiga ukisema uongo. Umevimba mguu, hukuvimba ulimi."

"Basi hanizidi. Nikiwa mzima, hanizidi."

Wiki ya mwisho wa usajili ikaja habari kwamba mjomba wa Eliya amefariki Sekenke. Simu ya Eliya ilikuwa kwa fundi Ikungi, kioo kimepasuka, kwa hiyo alikuwa amewapa Kongoni namba ya babu yake. Jumanne asubuhi, akiwa na begi begani, alisimama mbele ya mzee.

"Babu, wakipiga, sema nao."

"Nitasema nao kama watu wanavyosema na watu."

"Mimi nataka kubaki. Unalijua hilo."

"Nalijua. Nenda ukamzike mjomba wako."

Jumatano saa nne asubuhi simu iliita. Manase alikuwa ukumbini akisoma, na Lea alikuwa mlangoni akipepeta uwele. Mzee alivaa miwani kwanza, kisha akapokea.

"Shikamoo mzee. Naitwa Raymond, meneja wa Kongoni hapa Dodoma. Namwomba Eliya."

"Marahaba. Eliya yuko msibani Sekenke. Mimi ni Manase Alute, babu yake. Habari za huko? Wazazi wako wazima?"

"Wazima, mzee. Poleni na msiba. Mzee, nitasema kwa kifupi kwa sababu muda umetubana. Kocha anataka kumbakiza Eliya, miaka miwili. Orodha tunaifunga Ijumaa saa kumi alasiri. Ninahitaji neno moja tu, anakubali au hakubali."

Moyo wa Manase ulimjaa kifuani. Alimwona Alute, alimwona Ntandu na fimbo yake. Watu wa mjini, wenye ofisi na mabasi, walikuwa wamepiga hodi kwa mtoto wa nyumba ile! Akaona kwamba ombi kubwa kama hilo lastahili kupokewa kwa heshima yake yote.

"Kijana wangu," alisema taratibu, "umesema vizuri, na tumekusikia. Mfikishie kocha salamu zetu. Leo hatutoi jibu."

"Mzee, labda hatujaelewana. Nimwambie kocha kwamba Eliya hataki?"

"Sikusema hataki. Mtoto wa nyumba hii haombwi mara moja kwa simu akatolewa. Leo mmefika, tumewapokea. Mtarudi, tutazungumza."

Nyuma ya Raymond kulisikika mtu akiuliza, "Anasemaje?"

"Sawa, mzee," alisema Raymond. "Nashukuru. Kwa heri."

Manase aliiweka simu juu ya meza, akakunja miwani. Lea alikuwa ameacha kupepeta.

"Umemrudisha mtu wa watu?"

"Atapiga tena. Hata mimi nilirudishwa kwenu mara mbili."

"Wewe ulirudi kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kimeshakukataa."

"Mke wangu!"

"Nasema kweli. Nani mwingine angekuchukua na hilo koti?" Kisha akaacha mzaha. "Mume wangu, wale si wachumba. Yule kijana amekutajia siku na saa."

"Anayemtaka mtoto hatishi watu kwa saa."

Alhamisi Manase hakwenda shambani. Alivaa koti, akaitia simu katika mfuko wa ndani, akapanda juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya zizi ambapo mtandao ulishika vizuri. Mara mbili simu iliita. Ya kwanza ilikuwa ya Damari, dada yake, aliyeuliza habari za msiba. Ya pili ilikuwa ya watu wa kampuni ya simu. Jua lilipozama aliteremka, akamwambia Lea kwamba mtu mwenye adabu huacha siku moja ipite katikati.

Ijumaa saa nane na nusu Lea alimfuata mumewe kulekule juu ya jiwe, akihema.

"Piga wewe."

"Nyumba inayoombwa haimkimbilii mwombaji."

"Hakuna nyumba hapa, Manase. Ni Eliya."

Alikuwa hajamwita kwa jina lake tupu tangu walipozika mtoto wao, baba yake Eliya. Manase alitoa simu, akavaa miwani, akaitafuta namba ya Raymond, akaipata. Kidole gumba kilisimama juu ya batani. Akawaza jinsi atakavyoanza. Je, aseme tumebadili nia? Aseme tunaomba? Katika maisha yake yote hakuwa amesema neno hilo la pili kwa mtu aliye mdogo kuliko watoto wake. Saa ilikuwa tisa kasoro dakika kumi. Akairudisha simu mfukoni.

Saa kumi ilipita kimya kimya. Mbuzi walirudi kutoka malishoni.

Jumamosi mchana Eliya alishuka njia panda, akaja akitembea polepole, simu yake iliyotengenezwa mkononi. Aliinama mlangoni, akaamkia, akaketi chini kwenye mkeka kama alivyofanya utotoni.

"Nimeiona orodha nilipokuwa Ikungi kwa fundi," alisema. "Wameniacha. Wamembakiza Calist."

Lea alijifunika uso kwa kanga.

"Ni mguu tu, bibi, usilie. Wanadhani haujapona. Siwalaumu, na mimi ningekuwa kocha ningeogopa." Alijaribu kutabasamu. "Binamu zangu wa Sekenke wana shimo la dhahabu. Wanasema mtu mrefu kule anafaa kuwapokea wenzake wanaotoka shimoni. Na pia niliwaza kwamba huenda ni Mungu tu. Wangenitaka, wangepiga."

Manase aliusikia mlango ukifunguliwa mbele yake, mlango wa kunyamaza. Kijana alikuwa ameshajipa sababu yake mwenyewe, na ilikuwa sababu isiyomuumiza mtu. Lea hangesema kitu. Katika miaka hamsini hakuwahi kumwaibisha mumewe mbele ya mtoto. Mzee alitazama ukutani ilipotundikwa picha ya Alute. Miaka thelathini na minne aliwachapa watoto wa watu kwa kusema uongo, na kwa kunyamaza palipopasa kusemwa.

"Eliya," alisema, "walipiga."

Alieleza yote, neno kwa neno, kama shahidi barazani. Hakuacha hata ile saa tisa kasoro kumi ya Ijumaa.

Eliya hakupandisha sauti. Alibonyeza namba ya Raymond, akaiweka simu mkekani ili wote wasikie.

"Eliya, kaka, pole na msiba," sauti ilisema. "Nilizungumza na babu. Nikamwambia kocha mzee amesema leo hawatoi jibu. Kocha akasema huko ni kukataa kwa adabu, usimsumbue mzee wa watu. Hata hivyo tulikusubiri mpaka Ijumaa saa tisa na nusu. Ndipo Calist akasaini. Ungepiga hata saa tisa, kaka! Sasa sina nafasi."

"Na timu nyingine?"

"Usajili umefungwa. Mpaka mwakani. Lakini mwakani..." Raymond hakumaliza. Wote walijua kwamba umri wa Eliya ulikuwa unasonga, na kwamba mguu wake ulikuwa umeshaumia.

Simu ilipokatika, Eliya aliuliza jambo moja tu. "Saa tisa kasoro kumi ulikuwa umeshika simu mkononi, babu?"

"Nilikuwa nimeishika."

Kijana aliitikia kwa kichwa, akatoka nje. Walimsikia akidundisha mpira karibu na zizi, mara moja, mara mbili, kisha ukimya.

Jumatatu Manase alifanya jambo ambalo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kulifanya. Alipanda basi Ikungi, akaenda Dodoma bila kuitwa, akasimama mlangoni pa ofisi ya klabu kofia mkononi, akamwambia kocha, mtu wa umri wa mwanawe, "Ninaomba." Kocha alimpa kiti na soda, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwa upole mwingi kwamba karatasi ikishasainiwa hairudi nyuma. Manase akatoka. Uani kijana mrefu alimwamkia kwa heshima kubwa, akamshika mkono mpaka barabarani. Alikuwa Calist.

Alipofika nyumbani Eliya alikuwa ameshaondoka kwenda Sekenke. Viatu vyake vya uwanjani alikuwa amevifunga kwa kamba zake na kuvitundika katika nguzo, chini ya lile duara la pipa. Mpira alimwachia Lea. "Alisema nikuage," Lea alisema. "Alisema hakukasirika." Kisha akaongeza, "Lakini hakungoja urudi."

Jumapili, ibada ilipokwisha, Manase aliwaita vijana wote wa ukoo kwenye uwanja wa kupuria. Walikuja wapatao ishirini, wengine na simu zao mikononi, wengine wakinong'onezana kwamba leo kuna mtu atachapwa. Aliwataka wasimame wima. Aliwatajia Gwau, Ntandu na Alute, kama kawaida yake. Kisha, mbele ya watu waliomwogopa maisha yao yote, aliwasimulia habari ya Jumatano na ya Ijumaa. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao, Jenifa binti Yustina, alianza kulia na hakuficha machozi yake.

"Heshima ya wazee hawa sikuifuta, na shikamoo zenu nitaendelea kuzidai," alisema Manase. "Lakini hili nalo nalidai. Mkiulizwa jambo la maisha yenu, jibuni siku ile ile, kwa vinywa vyenu. Na mkimsikia mzee akijibu kwa niaba yenu, hata akiwa mimi, simameni mbele yake, mwamkieni, kisha mwambieni kwamba amekosea. Wekeni hizo simu chini. Inueni vichwa, mnitazame mimi, na mlishike neno hili, kwa maana ninalisema mara hii moja tu."