Uzio wa Lantana wa Mzee Sumari

Mzee Sumari aliipanda lantana mwenyewe, kwenye mpaka wake na Hanna, mjane wa kijiji cha Kikwe. Kila masika ilivamia upande wa Hanna. Kila kiangazi Sumari alifyeka upande wake na kulima hadi shinani. Uzio ukahama polepole, mpaka migomba mitatu ya Hanna ikabaki upande wa Sumari. Hanna alipolalamika barazani, Sumari alijibu kwamba mpaka ni uzio, na uzio ni wake.

Kisha serikali ya Mwingereza ikaamuru lantana ing'olewe. Atakayekutwa nayo ataing'oa, pamoja na yote iliyoota kando ya barabara hadi Usa River.

Dismasi, bwana shamba kutoka Machame, akaja na wazee wawili wa baraza. Akavunja kijiti.

"Shina la pembe nne, lina miiba. Jani ukilisugua linanuka. Ndege hula matunda na kueneza mbegu; ng'ombe akila majani, ngozi inababuka juani. Ni yenyewe. Ya nani?"

"Ya baba Anaeli," Hanna akasema, akimwonyesha Sumari. "Anaipenda sana."

"Mama Ruth, usinichekeshe. Mzee wa kanisa nifuge magugu?"

"Kumbe uzio si wako?" Hanna akauliza.

"Si wangu. Uko shambani kwako."

Dismasi akainama. "Na miche hii ya lantana, chini ya migomba mitatu?"

Sumari aliitazama barabara, ndefu na yenye vumbi. "Hata migomba ni yake."

Wazee wakatazamana. Mmoja akakohoa, akageukia pembeni.

"Asante, baba Anaeli," Hanna akasema. "Nitaing'oa yote."

Aliing'oa na mizizi, kwa sababu kisiki cha lantana huchipua tena, akaichoma kabla matunda hayajaiva. Halafu akawaita wazee wale wale, akapanda masale, mimea ya kuwekea mpaka, ng'ambo ya migomba yake mitatu. Isale likishapandwa mpakani mbele ya wazee, hakuna Mmeru anayeling'oa.

Sumari alifika mbio, kofia mkononi.

"Mama Ruth, siku ile nilikuwa natania."

"Najua," Hanna akasema, akishindilia udongo kwenye isale la mwisho. "Hebu nishikie hili, linalala."

Wazee walikuwa wanamtazama. Sumari akalishika.