Laini ya Msiba

Tangu siku ile ya ofisini nilitaka kitu kimoja tu: Jairo asimame mbele za watu, apate aibu aliyotupa sisi. Niliamka na wazo hilo, nikapiga nalo mswaki, nikapalilia nalo migomba.

Mambo yalianza na ujumbe wa simu. Kiwanda cha kufungashia maparachichi nilichofanyia kazi kule Mpuguso kilifunga msimu na hakikufungua tena. Nikawa napokea fao la kukosa ajira kutoka Mfuko wa wafanyakazi huku nikituma maombi ya kazi kila mahali. Fao lilikuwa dogo, lakini pamoja na ndizi zetu lilitutosha mimi na mama pale Kisondela. Kisha asubuhi moja ujumbe ukaingia: fao limesitishwa, uhakiki umebaini mnufaika ana kipato kingine, afike ofisini.

Nilikwenda Tukuyu bila wasiwasi. Chuoni nilisoma takwimu, na nilikuwa miongoni mwa waliofurahi tulipoambiwa kwamba mifumo ya serikali sasa itasomana: kitambulisho cha taifa kisomane na simu, simu isomane na Mfuko. Niliamini kabisa kwamba hatimaye mtu mnyonge hatazungushwa tena kutoka dirisha hadi dirisha. Nilijua kuna kosa mahali, na kwamba mtu akinisikiliza litarekebishwa mara moja.

Afisa mwenyewe alikuwa Jairo. Kwao na kwetu tunatenganishwa na bonde moja, na shule ya msingi alinitangulia madarasa machache. Ofisi ilijaa. Mvua ilikuwa imewasukumia ndani hata wasio na shida.

"Jairo, mambo? Nimepata ujumbe kwamba..."

"Hapa naitwa afisa, dada." Alisema hivyo akiwaangalia waliokaa kwenye benchi, nao wakatabasamu. Akaingiza namba yangu ya kitambulisho, kisha akapiga mluzi. "Aisee, Tuli! Kumbe wewe ni tajiri. Una laini mbili. Hii ya pili haikauki. Kisondela wanakutumia, Masoko wanakutumia, Mpuguso wanakutumia. Halafu unakuja kula hela ya wasio na kazi?"

"Punguza sauti basi. Ile ni laini ya kikundi cha msiba. Mama ndiye mweka hazina, unajua."

"Imesajiliwa kwa jina la nani?"

"Langu."

"Kidole cha nani?"

"Changu, lakini..."

"Mfumo haudanganyi, dada." Akaigeuza kompyuta kuelekea benchi. "Wazee, njooni msome wenyewe. Na kwenye laini ya kwanza, hii hospitali unayolipa kila mwezi, Tuli, unaumwa nini? Tuambie tukuchangie."

Watu wakacheka. Mzee mmoja alisogea kweli, akavaa miwani. Hospitali ile ilikuwa kwa ajili ya dawa za shinikizo la damu za mama, ila ningesema hivyo ningekuwa nimemtangaza na yeye. Nilihisi kama nimevuliwa nguo na mtu anayenisimulia huku akinivua.

Ni lazima nieleze habari ya kidole, maana ndiko kosa lilikoanzia. Mama alichuma chai tangu akiwa msichana hadi mgongo ulipomkatalia. Ncha za vidole vyake zimelika, ni laini kama kokoto za mtoni. Tulipotakiwa kusajili laini kwa alama za vidole, mashine ya wakala ilivikataa vyote, vya mkono wa kulia na vya mkono wa kushoto. Haikuwa ajabu. Kinamama wengi wa chai kwetu wako hivyo, na dawa yake kila nyumba inaijua: mtoto mwenye vidole vizima anaweka chake, mzazi anachukua laini. Ndivyo laini ya mama ilivyokuwa yangu, na kikundi kilipomchagua mama kuwa mweka hazina, michango yote ikawa inaingia humo. Hakuna aliyeona tatizo. Tuliona ni wema tu.

Maneno ya ofisini yalifika Kisondela kabla yangu. Nilipoteremka kwenye bodaboda, jirani aliniuliza naumwa nini. Kufikia jioni ilikuwa inasemwa kwamba Mama Tuli na mwanawe wanakula hela ya wafiwa, na kwamba jambo hilo limeonekana kwenye kompyuta ya serikali. Maneno haya ya mwisho ndiyo yaliyotumaliza. Uvumi wa kisimani ungeweza kubishiwa. Lakini nani abishane na kompyuta ya serikali?

Siku chache baadaye kulikuwa na msiba Mpuguso. Mama akabeba mkungu wa ndizi kichwani, nami nikamfuata na kuni. Kwetu mwanamke akifika msibani na mzigo, wenzake huinuka upesi kumtua, hata kama hawamjui. Ndiyo pole ya kwanza. Mama aliingia uwanjani, akasimama. Hakuna aliyeinuka. Walikuwa wamekaa kwenye majani ya migomba, wengine tumelima nao miaka yote, wakawa wanatazama miguu yao. Mama alisimama na mkungu ule mpaka shingo ikaanza kutetemeka. Nikatupa kuni nikamtua mimi.

Mama Winfrida, mwenyekiti wa kikundi, alitufuata pembeni. Hakuwa mtu mbaya. "Mama Tuli," alisema kwa upole, "ukae kidogo nyumbani kwanza, mambo yakae sawa."

"Nikae nyumbani, msiba uko hapa?"

"Ukae tu, mama."

Njiani kurudi mama alitangulia. Nilimwona akivitazama vidole vyake, vya mkono huu kisha vya mkono ule, kama vile vimemsaliti. Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka. Mimi ni mtu wa kulia hata kuku akichinjwa, lakini njia ile nzima nilikuwa natunga namna ya kumharibia Jairo.

Kisha laini ikafungwa. Nilikwenda kwa dada Asia, wakala wa pale njia panda, kutoa michango ili tuikabidhi kwa mwenyekiti na yaishe. Alijaribu, akajaribu tena, akanigeuzia simu.

"Imezuiwa, mdogo wangu. Wanasema iko kwenye uchunguzi. Nani kakuchongea?"

"Mtu tuliyesoma naye."

"Basi huyo mwombee dua."

"Namwombea, dada Asia. Siyo dua unayoifikiria wewe."

Alicheka, mimi sikucheka. Sasa hata wale waliokuwa bado wanatutetea wakaacha. Kama hela ipo, walisema, mbona hawaitoi?

Mzee Andongwisye alifariki mwanzoni mwa wiki iliyofuata. Alikuwa baba yake Jairo, mwanachama wa kikundi tangu kilipoanzishwa, mtu aliyekuwa akinipa mapapai nilipokuwa mdogo. Waombolezaji walianza kumiminika kutoka kila upande, na msiba wa kwetu hauendeshwi kwa maneno matupu: watu walishwe, ng'ombe apatikane, jeneza liletwe. Fungu la kazi hiyo lote lilikuwa ndani ya laini iliyozuiwa.

Jairo alikuja kwetu adhuhuri, viatu vya ofisini vimejaa tope. Mama alikuwa anamenya magimbi barazani.

"Mugonile, mama."

"Ndaga, mwanangu. Pole sana na baba."

"Afisa, karibu," nikasema kutoka mlangoni. "Umekuja kuhakiki magimbi?"

"Gwe Tuli!" mama alinikemea.

Jairo alinigeukia. "Tuli, nimepiga simu mkoani. Wamesema mwenye laini akiandika kwamba ni ya kikundi, na mimi nikithibitisha, inafunguliwa leo leo. Pikipiki iko barabarani. Twende ofisini Tukuyu, tafadhali."

"Kwa hiyo sasa umejua ni ya kikundi."

"Nilijua."

"Lini?"

Aliangalia viatu vyake. "Siku ile ile. Nani asiyejua laini ya msiba? Tulikuwa tunadaiwa kesi, Tuli. Kila ofisi imepata watu wanaodanganya, yetu haina hata mmoja. Bosi ananipigia kila siku. Wewe ukaja, mfumo ukaliwekea jina lako alama nyekundu. Na watu walikuwa wanacheka..."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Ukweli ulinikasirisha zaidi. Mashine haikuwa na kosa kubwa. Ilikuta jina langu mahali pawili ikauliza swali. Mtu aliyekuwa na jibu alikuwa amekaa mbele yake, na jibu akalimeza ili achekeshe benchi.

"Siendi mkoani wala wilayani," nikasema, "mpaka uyaseme hayo kwenu. Uwanjani, kinamama wote wakiwepo. Kwa sauti ile ile uliyoniulizia naumwa nini."

"Baba yangu amelala pale ndani!"

"Mama yangu alisimama na mkungu kichwani bila wa kumtua, naye yu hai."

"Tuli," mama alisema, kisu kimesimama mkononi, "mtu amekufa."

"Najua, mama. Nitamlilia. Lakini huyu atasema kwanza."

"Kama ndivyo unavyotaka kumzika Andongwisye, nenda peke yako. Sitembei nyuma yako."

Nilikwenda. Nilipanda pikipiki nyuma ya Jairo na sikushika hata shati lake. Mtu asinieleze kwamba kisasi hakina ladha. Kile kilikuwa na ladha, na kilizidi kuwa kitamu kila kona tuliyokata.

Uwanja ulijaa. Kilio kilipopungua Jairo alisimama karibu na mlango, akaanza kunong'ona.

"Hatusikii," nikasema.

Akapandisha sauti. Akasema laini ni ya kikundi na kwamba alijua. Akasema alisoma mambo yangu mbele za watu ili aonekane hodari kazini. Akasema Mama Tuli hajala hela ya mfiwa yeyote, na hela imezuiwa kwa mkono wake yeye, mtoto wa marehemu. Alipofika hapo alianza kulia. Mama yake alitoka ndani, akamtazama mwanawe kwa muda, halafu akaniangalia mimi. Sikuinamisha macho, ingawa nilitamani.

Mama Winfrida ndiye aliyeinuka. "Basi nendeni mkafungue, watoto. Watu wana njaa."

Tulifungua. Ilichukua muda mfupi kuliko muda ambao Jairo alitumia siku ile kunicheka. Tuliporudi nilimkuta mama jikoni kwa wafiwa, amekaa bega kwa bega na mama yake Jairo, anakoroga sufuria. Kinamama walikuwa wakimsogelea mmoja mmoja kuomba radhi, naye akamjibu kila mmoja kwa maneno yale yale: "Tupike kwanza." Kwangu hakugeuka. Nilichota maji, nikapasua kuni, nikamlilia mzee Andongwisye kwa machozi ya kweli.

Baada ya maziko Jairo alinifuata kwenye migomba. "Tumemalizana, Tuli?"

"Na mama, ndiyo."

"Na wewe?"

"Mimi bado."

Fao langu lilirudishwa. Kikundi kilimwomba mama aendelee na hazina, na alikubali kwa sharti kwamba hatakaa nyumbani tena kwa kuambiwa na mtu. Kwangu alichukua siku kadhaa kufungua mdomo.

"Ulifurahi?" aliniuliza, tukiwa tunachambua maharage. "Alipokuwa analia pale?"

"Nilifurahi, mama."

"Haya." Akaendelea kuchambua. "Umesema kweli angalau."

Juma lililofuata nilikaa na simu yangu kuandika malalamiko kwa wanaosimamia taarifa binafsi za watu. Sheria ipo, niliisoma yote, nikapenda sana vifungu vyake, kama ninavyopenda mambo mengi ambayo bado hayajafika Kisondela. Nilieleza kilichotokea bila kukiongezea chumvi. Mwishoni waliuliza mlalamikaji anataka nini.

Niliandika: Jairo aondolewe kwenye kazi ya kushika taarifa za watu. Nilimfikiria mama yake mjane, nikafikiria kwamba mshahara wa Jairo ndio sasa unaoendesha nyumba ile. Sikufuta. Chini yake nikaongeza kwamba wanawake wa chai wapewe njia ya kusajiliwa kwa majina yao wenyewe, vidole viwe na alama au visiwe nayo, ili asipatikane mwingine wa kuchekwa. Nikayasoma yote mawili, nikaona yote mawili ndiyo ninayoyataka. Nikatuma.